Majeruhi wa Vita na Lindo la Chini ya Bahari

Askari anapojeruhiwa vitani, taifa humpa upesi mambo mawili: daktari na sifa. Jambo la tatu, ambalo ni kazi ya kufanya, mara nyingi huchelewa, na pengine halifiki kabisa. Leo twapenda kulitazama jambo hilo la tatu kwa mfano wa mbali, yaani Marekani, ambako baadhi ya majeruhi wa vita vya Irak na Afghanistan wamepata lindo jipya chini ya bahari.

Mwaka 2007, katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed mjini Washington, ulianza mpango uitwao SUDS wa kuwafundisha majeruhi kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Wengi walikuwa wamekatwa mikono au miguu. Juu ya nchi kavu mtu wa namna hiyo huuhisi uzito wake kila hatua. Lakini mpiga mbizi aliyepima vyema vyuma vya mshipi wake na hewa ya fulana yake hazami wala haelei. Asiye na miguu huweza kuvaa glavu zenye utando kama mguu wa bata, akajisukuma kwa mikono.

Tena sheria za huko chini si ngeni kwa askari. Mtu haendi peke yake. Kila mmoja hukagua vifaa vya mwenzake kabla ya kuingia majini. Amri hutolewa kwa ishara za mkono. Hakuna kupanda juu kwa pupa, kwani hewa ya naitrojeni iliyoingia mwilini kwa mgandamizo wa maji huweza kutoa mapovu katika damu na kumlemaza mtu, hata kumwua. Nidhamu iliyomlinda vitani ndiyo imlindayo baharini.

Hata hivyo, kama mambo yangeishia hapo, tungesema kwamba ni burudani njema na basi. Ubora wa habari hii ni kwamba majeruhi hao hawakuridhika kuburudishwa. Katika visiwa vya Florida Keys, kusini mwa Marekani, chama cha majeruhi kiitwacho Combat Wounded Veteran Challenge kimeshirikiana na wataalamu wa Mote Marine Laboratory, pamoja na vijana wapiga mbizi wa SCUBAnauts, kupandikiza matumbawe. Vipande vidogo hukuzwa kwanza katika vitalu, kama miche, kisha hubandikwa kwa gundi nzito juu ya mwamba uliokufa. Kijana wa shule hufanya kazi bega kwa bega na mtu aliyeacha mguu wake vitani, wala haoni mtu wa kuhurumiwa, bali mwalimu.

Mwaka 2016 kiliundwa pia kikosi cha Force Blue, cha waliokuwa askari wa vikosi maalumu, ambao baadhi yao walibeba majeraha yasiyoonekana kwa macho. Baada ya kimbunga Irma cha Septemba 2017, kikosi hicho kilikwenda Florida kusaidia kuokoa matumbawe yaliyovunjwa na kupinduliwa na mawimbi.

Kazi hiyo si ya mapambo. Mwamba wa matumbawe huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika pwani, huwa makazi ya samaki, na hulisha wavuvi. Katika Florida Keys, mwishoni mwa miaka ya 1970, matumbawe hai yalifunika kama theluthi moja ya miamba. Siku hizi ni kama asilimia 2 tu. Magonjwa, uchafu na joto la bahari ndivyo vilivyoleta msiba huo.

Wala ushindi haukuahidiwa. Katika kiangazi cha mwaka 2023 bahari ya huko ilipata joto lisilo na mfano, na matumbawe mengi yaliyopandikizwa kwa miaka mingi yakafa kwa majuma machache. Wataalamu waliyahamisha yaliyowezekana hadi kwenye matangi ya nchi kavu. Baadaye upandikizaji ulianza tena. Askari anajua maana ya kuipoteza ngome aliyoijenga kwa jasho, na kesho yake kuchukua sepetu tena.

Twaonya, hata hivyo, kwamba kupiga mbizi si dawa ya kila mtu. Aliyeumia mapafu, au aliyejeruhiwa kichwa hata akapatwa na kifafa, hapaswi kuingia majini bila idhini ya daktari. Vifaa navyo ni ghali.

Lakini sisi tulio mbali na bahari ya chumvi hatuhitaji matumbawe ili kulipokea fundisho hili. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliyepoteza mguu huweza kuwafundisha kuruta hatari ya mabomu ya ardhini, kutunza kitalu cha miti ya kijiji, au kutengeneza redio za upepo. Hapana budi kila mkuu wa kikosi ajiulize: wale majeruhi wetu, baada ya kupona vidonda, tumewapa lindo gani? Pensheni ni haki yao. Lakini mtu aliyekula kiapo cha kuwatumikia wananchi huumia mara ya pili asipoitwa tena kutumika.