Kabla Hujamimina Oili, Jua Ekseli Uliyo Nayo

Haya wasomaji, leo tuweke msimbo kando kidogo. Nimekasirika, na mnanijua, nikikasirika huwa naandika. Kuna sentensi moja ambayo ningekuwa na uwezo ningeipiga marufuku katika kila gereji kuanzia Kirinyaga Road hadi jua kali ya kijijini kwenu. Sentensi yenyewe ni hii: "Weka naintii tu, zote ni moja."

Si moja! Na tisini si jina la oili. Tisini ni kipimo cha uzito wake, jinsi inavyotiririka ikiwa moto, basi. Haikuambii ndani yake mna dawa gani wala ilitengenezewa gia za aina gani. Ni kama mtu akuulize programu yako imeandikwa kwa lugha gani, nawe umjibu, "Ina mistari elfu tano."

Wengi hapa mnajua nina Land Rover, Series III ndefu, ile ya inchi 109, iliyosajiliwa 1978. Series III zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, na humu nchini nyingi ziliunganishwa kule Thika kwa Leyland Kenya. Zilibeba madiwani, chanjo, mbolea na maaskari. Gari la umri huo limepita mikononi mwa mafundi wengi kuliko programu ya benki ilivyopita mikononi mwa sisi wandishi wa msimbo, na hakuna hata mmoja aliyeacha maelezo. Logbook itakupa namba ya chesisi na namba ya injini. Kuhusu ekseli ya nyuma haisemi kitu.

Sasa sikilizeni ujinga wangu mwenyewe kabla sijawasema wengine. Difu ilianza kulia. Nikauliza fundi mmoja, akaitazama gari kwa mbele, kwa mbele jamani, akasema, "Hiyo ni ekseli ya Rover, kijana, hizi zote ni Rover." Nikaamini. Nikaagiza krauni na pinioni kutoka Uingereza, nikalipa ushuru, nikangoja. Ziliposhuka tukafungua, tukakuta ndani kuna kitu kingine kabisa. Ekseli yangu ni Salisbury. Zile spea bado ziko chini ya kitanda changu, kama kuna mwenye Series fupi anitafute.

Kilichoniuma si pesa peke yake. Ni kwamba jibu lilikuwa pale nyuma ya gari miaka yote, linaonekana kwa macho, na halihitaji hata spana. Piga magoti nyuma ya gari utazame lile tumbo katikati ya ekseli. Ikiwa mgongo wake ni wa mviringo, laini kama sufuria iliyogeuzwa, hauna boliti hata moja, hiyo ni Rover. Difu yake hutolewa kwa upande wa mbele, pale propela shafti inapoingia. Ikiwa mgongoni kuna kifuniko kilichofungwa kwa boliti kumi, na tumbo lenyewe ni chuma kizito cha kusubu chenye mabomba mawili yaliyoingizwa kushoto na kulia, hiyo ni Salisbury, jamaa wa karibu wa ile Dana 60 ya Marekani. Kuanzia 1972 Salisbury ndiyo iliyokuwa kawaida nyuma ya zile ndefu. Zile fupi za inchi 88 zilibaki na Rover. Na hata kwenye ndefu, ekseli ya mbele ni Rover bado! Kwa hiyo fundi wangu hakusema uongo, alisema ukweli wa upande usio wangu.

Mtu ataniuliza, tofauti ya umbo inahusiana nini na oili? Inahusiana sana. Ndani ya ile Rover, mhimili wa pinioni unalenga katikati kabisa ya krauni, na meno yake yamepindwa kama ond. Meno yanapokutana, kwa kiasi kikubwa yanabingirika moja juu ya jingine. Ndani ya Salisbury, pinioni imeshushwa chini ya katikati ya krauni. Mpangilio huo huitwa haipoidi. Faida yake ni pinioni nene na meno mengi yaliyoshikana kwa wakati mmoja, ndiyo maana Salisbury hubeba mzigo mzito bila kuvunjika. Gharama yake ni kwamba meno hayabingiriki tu, yanateleza pia, yakisuguana kwa urefu chini ya uzito mkubwa mno. Utando wa oili ya kawaida hukatika hapo, chuma kikagusa chuma, kikashikana na kuchanika.

Ndipo dawa huingia. Oili za gia za aina hii zina salfa na fosforasi ambazo, jino linapopata joto la msuguano, huungana na uso wa chuma na kuacha ngozi nyembamba inayokubali kuchakaa badala ya jino. Herufi EP kwenye mkebe zina maana hiyo. GL-4 na GL-5 zinakuambia ni kiasi gani cha ulinzi huo. GL-5 ni ya haipoidi zenye kazi ngumu na mishtuko, na kwa kawaida hubeba takriban mara mbili ya dawa iliyomo kwenye GL-4. Kwa hiyo Salisbury nyuma ya gari linalobeba mawe inataka GL-5, na hapo sijadiliani na mtu. Rover iliyo mbele ingeweza kuishi na GL-4, ingawa GL-5 haitaiumiza, na mimi huweka GL-5 zote mbili nikapumzika.

Basi kwa nini nisimwage GL-5 hiyo hiyo na kwenye giaboksi nimalize kazi? Kwa sababu giaboksi ina vipande vya shaba nyeusi, zile pete za sinkro zinazosaidia gia kuingia bila kelele. Ile ngozi ya dawa hushika shaba kwa nguvu kuliko shaba inavyojishika yenyewe, na kila inapobanduka huondoka na chembe ya pete. Salfa kali nayo, hasa katika oili za bei ya chini, hula shaba kwa joto. Series III ina sinkro kwenye gia zote nne za mbele, kwa hiyo una pete za kutosha za kuharibu. Weka GL-4 humo. Hapa nawageukia pia wale ndugu zetu wa upande wa pili, wanaopiga kelele kwamba GL-5 ni sumu popote iendapo. Hapana. Zipo GL-5 za siku hizi ambazo salfa yake imetulizwa, na zinafaulu kile kipimo cha kutumbukiza ukanda wa shaba kwenye oili ya moto. Lakini kufaulu kipimo cha kutu hakuzuii ile ngozi kubanduka. Na kuikataza GL-5 kwenye ekseli ya haipoidi kwa ajili ya shaba iliyoko kwenye giaboksi ni kumnyima mgonjwa dawa kwa sababu jirani yake ina mzio nayo.

Najua mtanitolea kitabu cha gari. Kitabu cha zamani kinasema 90 EP kila mahali, giaboksi, transfa, ekseli, zote. Kweli kabisa! Ndicho chanzo cha lile pipa moja la kila kitu. Lakini kitabu kiliandikwa kwa oili za wakati wake, na pipa la leo limebadilika ilhali neno ni lile lile. Nyinyi mnaoandika programu mnajua balaa hilo: jina la maktaba ni lile lile, toleo limebadilika, na hakuna aliyesoma maelezo ya mabadiliko.

Tukiwa hapo, tuvunje uongo mwingine. "Tisini ni nzito sana, arobaini ya injini ni nyepesi." Nani kasema? Oili ya injini na oili ya gia hupimwa kwa mizani mbili tofauti. Kwa nyuzi 100 za Selsiasi, arobaini ya injini iko kati ya 12.5 na 16.3 kwa kipimo cha sentistoki, na hamsini iko kati ya 16.3 na 21.9. Tisini ya gia? Kati ya 13.5 na 18.5, na kabla ya 2005 mpaka wake wa juu ulikuwa 24. Maana yake tisini yako ina uzito wa karibu sawa na arobaini au hamsini ya injini. Kinachozitenganisha ni dawa. Kwa hiyo yule anayemimina oili ya injini iliyotumika kwenye difu "kwa sababu imekuwa nzito" amemimina uchafu usio na ulinzi wowote. Na yule anayeongeza grisi ili difu inyamaze kabla mnunuzi hajaja (nimesikia hata habari za ndizi mbivu!) huyo tumwache na Mungu wake.

Lakini uwiano je? Usiamini umbo peke yake. Watu wamepachika difu za Range Rover kwenye Series ili zikimbie lami. Difu ya Series ni 4.7, yaani propela shafti huzunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja. Ya Range Rover ni 3.54. Ukibadilisha ya nyuma ukaiacha ya mbele, siku utakayoweka gia ya magurudumu manne kwenye ardhi ngumu ekseli zitavutana hadi kitu kivunjike.

Kupima ni bure. Inua gurudumu moja la nyuma, jingine likae chini. Weka gia huru. Piga chaki kwenye propela shafti, kisha zungusha gurudumu lililo juu mara mbili kamili. Mara mbili, kwa sababu lile jingine halisogei na difu hugawa mwendo nusu. Propela ikizunguka karibu mara nne na robo tatu, una 4.7. Ikizunguka mara tatu na nusu, una kitu kilichotoka kwingine.

Na hapa naomba mnisikilize kwa masikio yote mawili. Hendibreki ya Series haishiki magurudumu, inashika propela shafti nyuma ya transfa. Kwa kipimo hiki lazima uiachilie. Lakini hata ukiivuta hadi mkono uume, mara gurudumu moja la nyuma likiwa hewani difu inaruhusu lile la chini lizunguke na gari litaondoka. Juu yako, kama uko chini yake. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwenye ardhi tambarare, kabla hujagusa jeki.

Tuje kwenye kiasi. Rover hunywa lita 1.75, Salisbury hunywa 2.5. Fundi anayedhani unayo Rover, akapima chupa na kufunga, amekuachia pinioni inayokaushwa. Anayefanya kinyume, akaipa Rover ya watu lita mbili na nusu, amefanya vibaya zaidi, kwa sababu oili inayozidi hupanda mabomba ya ekseli, hupita sili na kuingia kwenye breki. Ndiyo maana kuna kizibo cha kipimo ubavuni: gari likiwa tambarare, unajaza mpaka oili ianze kuchuruzika, unangoja ikome, unafunga. Chupa haijui gari lako limesimama vipi.

Mimi oili ilinipitia kwa njia nyingine. Juu ya ekseli kuna tundu dogo la kupumulia. Langu lilikuwa limezibwa na tope la miaka. Ekseli ikipata moto hewa hutanuka, ikikosa pa kutokea husukuma oili kwenye sili. Niligundua nikiteremka bondeni kuelekea Mai Mahiu, na nyuma yangu abiria wanne. Nilikanyaga breki, gari likavutwa upande mmoja, kushoto kukiwa na lori. Sitaki kueleza zaidi. Tulipofungua, breki za nyuma upande wa kulia zilikuwa zimelowa kama chapati. Tundu lenyewe husafishwa kwa waya kwa dakika mbili. Na likiziba, ukivuka mto ekseli ikiwa moto, ile inapoa ghafla na kufyonza maji kupitia sili. Ukifungua kizibo ukaona oili ina rangi ya chai ya maziwa, hiyo siyo oili tena.

Wenye maduka nao. Mnaouza oili ya kupima kutoka pipa lisilo na maandishi, mkiulizwa ni GL ngapi mnasema "ni ya gia", msikasirike wateja wakiwapita. Kila mkebe wa oili una mahali pa kuandika. Anayekataa kuandika anajua kwa nini.

Juzi mzee mmoja fundi, mtu ninayemheshimu, alinicheka. "Kijana wangu, tumetia naintii hizi gari tangu hujazaliwa, na bado zinatembea." Nikamwambia, "Shikamoo mzee, ni kweli. Lakini zile zisizotembea hazikurudi kwako kukuambia." Alinyamaza kidogo, akaomba tochi, akaenda mwenyewe nyuma ya gari kuhesabu boliti.

Jumamosi nimechukua rangi nyeupe na brashi. Kwenye kifuniko cha nyuma sasa kumeandikwa: SALISBURY 4.7, GL-5, LITA 2.5. Mbele: ROVER, LITA 1.75. Kwenye giaboksi: GL-4 TU. Mwandiko ni mbaya, nilikuwa nimelala chali, lakini atakayefungua gari hili baada yangu atausoma.