Takwimu za Imani katika Njama Zipimwe Kabla ya Kuaminiwa

Tabibu makini hasomi jibu la maabara bila kujiuliza sampuli ilichukuliwaje na kipimo kilichotumika kina udhaifu gani. Hata hivyo, takwimu za kura za maoni kuhusu imani katika njama za siri, kama vile madai kwamba chanjo ni hila au kwamba ugonjwa fulani umebuniwa, hupokelewa na kusambazwa pasipo kuhojiwa. Kura hizo hazistahili kutupwa, bali zinastahili uangalifu uleule unaotolewa kwa kipimo chochote cha kitabibu.

La kwanza la kuchunguzwa ni swali lenyewe. Mwaka 1992, kampuni ya Roper iliwauliza Wamarekani iwapo inawezekana au haiwezekani kwamba mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi hayakutokea kamwe. Asilimia 22 walijibu kwamba inawezekana. Swali lilipoulizwa upya mwaka 1994 kwa lugha nyoofu, isiyo na ukanushi juu ya ukanushi, idadi hiyo ilishuka hadi takriban asilimia 1. Mwaka 2020, utafiti uliofanyika Uingereza kuhusu njama za korona uliwapa wahojiwa majibu matano ya kuchagua: moja la kukataa na manne ya kukubali, kuanzia kidogo hadi kabisa. Wanasaikolojia wengine walionyesha kwamba mizani ya namna hiyo huongeza idadi ya wanaoonekana kuamini.

La pili ni wajibuji. Mwezi Mei 2020, utafiti wa mtandaoni wa taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, uliwahusisha watu wazima 502, na asilimia 4 walisema walikunywa au kusukutua kwa jiki iliyozimuliwa ili kujikinga na korona. Watafiti wengine walilirudia zoezi hilo wakiweka maswali ya mtego. Walibaini kwamba kati ya asilimia 80 na 90 ya taarifa za kunywa dawa za usafi zilitoka kwa wajibuji wasioaminika, wakiwamo waliodai kupatwa hivi karibuni na mshtuko wa moyo uliowaua.

Je, basi takwimu zote za aina hii ni za kupuuzwa? La hasha. Septemba 2018, wakati Ebola ikienea mashariki mwa Kongo, watafiti waliwahoji watu wazima 961 katika miji ya Beni na Butembo, ana kwa ana. Robo yao hivi, asilimia 25.5, waliamini kwamba mlipuko huo haukuwa wa kweli. Uzito wa matokeo hayo hautokani na asilimia hiyo peke yake. Utafiti uliihusisha imani hiyo na mwenendo: walioamini hivyo, pamoja na waliokosa imani na mamlaka, walielekea kutokubali chanjo na kutofuata kinga. Takwimu ya namna hiyo humwonyesha mtumishi wa afya mahali pa kuanzia kazi yake.

Ndiyo maana kosa la kusoma takwimu hizi lina gharama kwa pande zote mbili. Anayeziamini zote atatumia muda wa redio kukanusha uvumi ambao wengi hawajausikia, na hivyo kuueneza. Tena atamwona mama anayeulizia madhara ya chanjo kuwa mfuasi wa njama, ilhali anachohitaji ni jibu. Naye anayezipuuza zote atashtukizwa na jamii iliyokwisha kufunga milango wakati wagonjwa wangali majumbani.

Kwa hiyo, kabla asilimia yoyote haijaingizwa katika mpango wa elimu ya afya, ni wajibu kusoma swali kama lilivyoulizwa, kujua waliojibu walipatikanaje, na kuona iwapo majibu yao yanahusiana na wanayoyatenda. Takwimu isiyoambatana na maelezo hayo isubiri, kama linavyosubiri jibu la maabara lisilo na jina la mgonjwa.