"Mawazo mingi" haiko aibu

Vijana wenzetu wa Goma,

Kwetu mtu akikosa usingizi tunasema: "Iko na mawazo mingi." Akianza kupiga kelele nyumbani: "Wamemuloga." Akinyamaza kabisa: "Mumupeleke kwa pasta." Lakini nani alishamuuliza: ndugu, unasikia nini ndani ya roho?

Mimi niko na miaka 25, niko na diploma ya chuo kikuu, kazi sina. Tangu Januari 2025, M23 ilipochukua mji na mabenki kufungwa, baba analala na hesabu, mama anaamka na hesabu. Mlango ukigongwa usiku, moyo unaruka. Asubuhi tunagombana juu ya sabuni, juu ya makala. Mchumba wangu aliniacha, na haikuwa juu ya mali peke yake: kila alipoongea, nilimjibu kwa hasira. Nilienda kwenye kituo cha afya, wakanipa dawa ya kichwa. Kichwa haikuwa inauma.

Tuseme wazi: huu si uchawi, si uvivu. Mwili uliokaa na hofu siku nyingi unasahau kupumzika. Usingizi unakatika, na hasira inaangukia wale tunaowapenda. Mtu aliyesomea anaweza kukusaidia kutuliza pumzi, kugawa shida vipande vidogo, na kukaa na familia ili kila mmoja asikilizwe bila kukatwa neno.

Wengine watasema: "Hayo ni ya Wazungu, sisi tunatafuta kula." Ni kweli, njaa haiponi kwa maneno. Lakini mtu asiyelala wiki tatu atatafuta kazi na nguvu gani? Na zamani ndugu wakigombana, wazee walikaa nao mpaka neno lote litoke. Ile tumeiacha, na mahali pake hatukuweka kitu.

Haiombi madaktari elfu. OMS ilishatoa njia ya mikutano 5 tu, ambayo mtu asiye daktari anafundishwa na kuifanya akisimamiwa. Vyuo vyetu vinatoa vijana waliosomea saikolojia, nao wanakaa bure kama mimi. Na Goma tuko na Tulizo Letu, lakini wengi wanaogopa kuonekana mlangoni, wasije wakaitwa wazimu.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema haki ya afya inahakikishwa. Roho nayo ni afya. Njo maana tunadai:

– kila kituo cha afya kiwe na mtu aliyefundishwa kusikiliza, na bei ambayo familia inaweza;
– vijana waliosomea saikolojia wapewe kazi hiyo;
– makanisa na misikiti waombee wagonjwa, lakini wasiwazuie kwenda kutunzwa.

Na wewe unayesoma: leo usimuulize rafiki yako tu "habari?" Muulize kama alilala. Kisha nyamaza, umusikilize.