Hoho ya Manjano Jikoni

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za pilipili hoho ya manjano, kwa maana tumeona jambo la kutusikitisha hapa Mitwero. Mama mmoja aliletewa hoho sita na mgeni wake atokaye Lindi mjini. Akaziogopa kwa ajili ya jina lake, akawatupia mbuzi; na jioni ile watoto wake wakala ugali wa muhogo kwa mchuzi mtupu. Hatusemi haya kwa kumcheka, maana wengi wetu tungalifanya vivyo hivyo.

Wahenga walisema, Pilipili usiyoila yakuwashiani? Jina ndilo lililotudanganya. Zamani watu waliita pilipili hoho ile nyekundu iwashayo. Na Unguja hii yetu huitwa pilipili boga. Haiwashi hata kidogo, bali ni tamu. Huanza kuwa ya kijani, na ile ya mbegu ya manjano ikiachwa mtini mpaka iive, hugeuka rangi na kuzidi utamu.

Tena ina faida kubwa mwilini. Gramu 100 za hoho ya manjano isiyopikwa zina vitamini C miligramu 180 hivi, na za chungwa zina 53 tu. Vitamini hiyo hulinda fizi, tena husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika kunde na mboga za majani. Lakini huyeyuka katika maji na kuharibika kwa moto mwingi. Kwa hiyo msiitokose.

Basi, fanyeni hivi. Iosheni, ondoeni kikonyo, mbegu na utando mweupe, kisha ikateni vipande vyembamba. Samaki wa nazi akiisha kuiva, tieni hoho, funikeni kwa dakika 3, mwepue. Katika kunde pia itieni mwisho. Kwa kachumbari, ichanganyeni na nyanya, vitunguu, chumvi na ndimu. Na siku ya wageni, ijazeni wali na korosho zilizopondwa, muioke juu ya makaa yasiyo makali.

Mama yule tulimpelekea hoho mbili nyingine, akazitia katika kunde. Mtoto wake mdogo aliomba aongezewe. Siku ile mbuzi hawakupata kitu.