Nguo ya Maji na Macho ya Watu

Nguo ya mwanamke wa makamo ni kesi isiyokwisha, na hakimu wake kamwe si yule anayeivaa. Katika Nyanda za Juu Kusini kesi hiyo husikilizwa kando ya maji. Familia hushuka kutoka Mbeya, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, zikapita Tukuyu na Kyela hadi Matema, pale Ziwa Nyasa linapolala chini ya milima ya Livingstone. Juu wameacha baridi ya sweta. Chini wanalakiwa na joto. Watoto huingia majini, vijana hupiga mbizi, baba huingia na kaptula yake na kitambi chake, wala hapana anayemtazama mara mbili. Mama, aliyezaa na kulea, hubaki mchangani akilinda viatu vya wenziwe. Akiulizwa, husema maji ni ya baridi. Hali ndivyo hivyo kwa mwenzake wa Iringa, aliyekua akiutazama Mto Ruaha Mdogo ukipita kando ya mji, na ambaye siku akifika pwani hulowesha nyayo tu.

Si baridi inayomzuia. Anachokosa ni vazi, na wanaomkosesha ni watu wa aina tatu.

Wa kwanza ni wakaripiaji, wale wasemao kwamba mtu mzima hujiheshimu. Hao wana historia ndefu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na mabinti wakasumbuliwa barabarani kwa jina la utamaduni wa taifa. Mwaka 2016 miji kadhaa ya pwani ya Ufaransa ilipiga marufuku burkini, vazi la kuogelea lenye kufunika mwili lililobuniwa Australia mwaka 2004 na Aheda Zanetti, hadi Baraza la Taifa la nchi hiyo liliposimamisha amri ya mji mmojawapo. Huku kosa lilikuwa kufunua, kule kosa likawa kufunika. Vitambaa vilitofautiana, kipimo kilikuwa kimoja: jicho la mtazamaji. Heshima inayopimwa kwa jicho la mwingine si heshima ya mvaaji.

Wa pili ni wafanyabiashara. Hao hawakaripii, hubembeleza. Humwuzia mama nguo ya kuficha tumbo, ya kupunguza nyonga, ya kumrudisha kwenye miaka ishirini. Nguo hiyo humbana pumzi, humkata mapajani, nayo kila anapoinua mkono hupanda. Atakuwa ameogelea saa nzima akivuta nguo chini, akatoka amechoka kuliko aliyevuta nyavu. Nguo impendezayo mtu ni ile anayoisahau akiwa ameivaa. Anayeikumbuka kila dakika amevaa aibu yake mwenyewe.

Wa tatu, na hapa wasomaji wa pwani wavumilie, ni washairi. Kanga imeimbwa ikaimbika: ni stara, ni barua, ni mbeleko, ni sanda. Yote hayo ni kweli. Lakini sifa zikizidi humpa msifiwa kazi asiyoiweza. Kanga ni pamba, na pamba hunywa maji, ikawa nzito, ikaganda mwilini, ikafunga miguu. Inayomsitiri mama mchangani humfunga pingu majini. Aliyeipenda kwa dhati angeiacha ufukweni imngoje, aifunge anapotoka.

Basi achague nini? Kitambaa kiwe cha nailoni au poliesta chenye kuvutika, kizito kiasi cha kutoangaza kikilowa, chenye bitana kifuani na tumboni. Mikanda ya mabegani iwe mipana, maana kifua kilichonyonyesha kina uzito wake na kinahitaji kushikwa, si kukabwa. Kabla ya kiuno apimwe urefu wa kiwiliwili: kutoka begani, kupita katikati ya miguu, hadi begani tena kwa nyuma, ndipo nguo nyingi zinapofeli, ikadhaniwa kuwa mwili ndio uliofeli. Apendaye kufunika zaidi avae kaptula ndefu na shati la mikono mirefu la kitambaa hichohicho, ambalo pia humkinga na jua na ubaridi. Rangi iwe ya kung'aa, kama machungwa au nyekundu, ionekane kwa mbali. Buluu humficha mtu majini. Na kabla hajalipa, ainame, achuchumae, ainue mikono yote miwili. Nguo ikitulia, ni yake.

Haya si mambo ya anasa. Vitambaa vya namna hiyo si siri, na Mbeya na Iringa hazina uhaba wa mafundi cherehani. Kinachohitajika ni mteja asiyeona haya kusema anachotaka. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea na mradi wa Panje wakiwa wamevaa nguo za kufunika mwili mzima, na stara yao haikupungua. Kama binti ameweza, mama yake amekatazwa na nani?

Swali hilo lina makaburi nyuma yake. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. MV Spice Islander ikazama mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012, zote katika bahari ya Zanzibar. Kudai kwamba kuogelea kungewaokoa wote ni kuwadhulumu marehemu. Lakini nchi yenye Nyasa, Tanganyika, Victoria na bahari, iliyowazoesha mama zake kuyaogopa maji kwa sababu ya nguo, haina haki ya kusema imefanya iliyoyaweza. Mtoto akitumbukia Matema, aliye karibu naye ni yule mama mlinda viatu.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo yaoge. Hawakutaja umri, wala hawakutaja kiuno. Mama na apewe nguo, kisha watazamaji wageuze macho yao.