Sheria ya Maji Hutunzwa Nchi Kavu

Mkulima wa Genkuru, wilayani Tarime, aweza kutuuliza kwa haki kabisa: "Habari za boti na mwendo wake zanihusu nini mimi mwenye jembe na ng'ombe?" Swali hilo lastahili jibu. Mto Mara, unaopita katika nchi yake, haukomi mpaka umeingia katika Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Dagaa anaowanunua sokoni walivuliwa usiku na vijana waliokuwa juu ya mtumbwi wa mbao. Na ndugu zake wa Rorya wanapotaka kwenda Musoma, wengi wao hupanda boti Kinesi na kuteremka Mwigobero, maana njia ya maji ni fupi kuliko kuzunguka kwa barabara hadi daraja la Kirumi. Basi ziwa limo nyumbani mwake, ingawa halioni kutoka kilimani.

Kila yatokeapo maafa majini, husemwa kwamba ajali haina kinga. Maneno hayo yakisemwa matangani kuwafariji wafiwa, hatuna neno. Lakini yakisemwa na mwenye chombo, au na mwenye dhamana ya kukikagua chombo hicho, yanageuka kuwa blanketi la kufunikia uzembe. Ajali nyingi za majini zina kinga, na kinga hiyo yajulikana.

Tutazame hesabu. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Waliokufa walizidi 800. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua abiria 101. Waliokufa walikuwa 228. Baharini nako, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama ikiwa imeshindiliwa watu na mizigo kupita kiasi, na mamia wakafa. Idadi ya maiti ikizidi idadi ya abiria wanaoruhusiwa, hapana haja ya mtaalamu kutueleza chanzo. Hakuna tufani iwezayo kuongeza abiria melini. Abiria huongezwa gatini, mbele ya macho ya watu.

Hayo ni maafa makubwa, ambayo bendera zilishushwa nusu mlingoti kwa ajili yake. Mitumbwi haishushiwi bendera. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetaja makadirio ya watu kati ya 3,000 na 5,000 wanaokufa kila mwaka katika Ziwa Viktoria, na wengi wao ni wavuvi na abiria wa vyombo vidogo. Hapa kwetu Mara, mwishoni mwa Julai 2023, mitumbwi miwili iliyobeba waumini waliotoka ibadani ilizama wilayani Bunda, na watu zaidi ya 10 wakapoteza maisha. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na lina tabia yake: usiku upepo wa nchi kavu huelekea majini kutoka pande zote, hukutana katikati, na dhoruba huzaliwa saa zile zile ambazo mvuvi wa dagaa yumo kazini.

Sasa tuje kwenye mwendo. Mkataba wa kimataifa wa 1972 wa kuzuia migongano baharini wamtaka kila nahodha aende kwa mwendo wa salama, yaani mwendo utakaomwezesha kukwepa au kusimama kabla ya madhara. Mkataba hautaji tarakimu moja kwa vyombo vyote. Wamwambia nahodha apime kwanza umbali anaoweza kuona, wingi wa vyombo vilivyo mbele yake, upepo, mawimbi, kina cha maji na uwezo wa chombo chake kugeuka. Mkataba huo uliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini hekima yake yafaa kwa maji yote.

Hata hivyo, karibu na ufuko hekima ya nahodha peke yake haitoshi, na ndipo tarakimu inapohitajika. Huko Ufaransa, chombo kikiwa ndani ya mita 300 kutoka pwani hakiruhusiwi kupita maili 5 za baharini kwa saa, yaani kilomita zipatazo 9. Sababu yake ni rahisi. Mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne. Tena boti iendayo kasi huacha nyuma yake mawimbi yanayoweza kuujaza maji mtumbwi uliolemewa. Kule Nungwi ufuko mmoja hutumiwa na waogeleaji, wavuvi wenye ngalawa na boti za watalii zenye mashine za nguvu. Mialoni kwetu watoto huoga na akina mama hufua mahali pale pale boti zinapoegeshwa. Mahali kama hapo, kupunguza mwendo ni sharti la kulinda uhai, wala si adabu tu.

Wapo watakaosema kwamba kosa lote ni la nahodha. Sisi twaona hiyo ni nusu ya kweli. Nahodha wa boti ndogo mara nyingi ni kibarua. Chombo si chake, mashine si yake, na mafuta anapewa kwa kipimo. Riziki yake hutegemea vichwa alivyopakia na safari alizomaliza kabla ya jua kuchwa. Akikataa kupakia, yupo mwingine anayengojea nafasi yake. Kumtoza faini huyo peke yake, na kumwacha tajiri aliyemwamuru amekaa kivulini, ni kuukata mti matawi na kuliacha shina.

Historia ya mabaharia wa Uingereza yatufundisha katika jambo hili. Karne moja na nusu iliyopita, baharia wa huko aliyekataa kupanda meli mbovu aliweza kutiwa gerezani. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alipiga kelele mpaka sheria ikapitishwa mwaka 1876 kwamba kila meli ichorwe ubavuni mstari wa kuonyesha mwisho wa uzito wake. Lakini sheria hiyo ilimwachia mwenye meli achague mwenyewe mahali pa kuuchora! Ilipasa kungoja hadi 1890 ndipo mahali pa mstari pakaamuliwa na serikali. Funzo ni hili: kipimo kikiachwa mikononi mwa anayefaidika na uzito, hakiwi kipimo tena.

Nchi yetu haikosi sheria. Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria iliyounda Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, na usalama wa vyombo vya majini umo katika kazi zake. Lakini ofisa mmoja hawezi kusimama katika kila mwalo alfajiri na magharibi. Kwa hiyo twapendekeza mambo ambayo hata asiyesoma sana aweza kuyasimamia. Mosi, kila boti ya abiria ichorwe mstari wa uzito na mkaguzi, na idadi ya abiria iandikwe ubavuni kwa tarakimu kubwa. Pili, majina ya wasafiri yaandikwe na kuachwa nchi kavu. Tatu, jaketi okozi livaliwe kabla kamba haijafunguliwa. Likikaliwa kama mto, halimwokoi mtu. Nne, viongozi wa mwalo wapewe mamlaka ya kukizuia chombo kilichozidisha, na tajiri wake ashitakiwe pamoja na nahodha. Tano, pawepo nguzo za kuonyesha mahali ambapo mwendo lazima upunguzwe.

Twajua kwamba jaketi okozi ni gharama kwa mvuvi ambaye bado ana deni la nyavu. Hapo vyama vya ushirika na halmashauri havina budi kusaidia, kwa mkopo au kwa kununua kwa pamoja. Bei ya jaketi yajulikana dukani. Ya yatima hakuna awezaye kuitaja.

Na abiria naye ana wajibu. Akiuona mstari umezama majini, asipande; na akiwa amekwisha kupanda, ateremke bila kuona haya. Boti haiwezi kuzidisha watu waliokataa kuzidishwa. Chombo kikishaondoka, kilichobaki ni upepo na maji, navyo havisikii amri ya mtu. Amri yetu husikika pale mwaloni, kabla kamba haijafunguliwa.