Kuimba si Kupiga Mayowe

Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Sauti inayojaza ukumbi bila kipaza sauti haiji kwa kupiga mayowe. Lakini muhula wa pili, tamasha za muziki zikikaribia, kwaya nyingi za shule huambiwa tu, "Ongezeni sauti!" Basi watu hukaza shingo hadi mishipa ikawatoka, na siku ya mashindano sauti zimekauka kabisa. Jameni, hapo tumefaidi nini?

Ndugu msomaji, tulisoma katika ala za sauti kwamba nyuzi za sauti zimo kooni, nazo hutetemeshwa na hewa itokayo mapafuni. Msichana akiimba ile noti ya la inayotumiwa kulinganishia ala, nyuzi hizo hukutana mara 440 kwa sekunde moja! Ukizilazimisha zitavimba. Kwa hivyo vuta pumzi mbavu na tumbo vipanuke, mabega yatulie, kisha itoe hewa polepole. Legeza taya, fungua kinywa, sauti ivume yenyewe.

Na ndimu na tangawizi je? Zinaburudisha, lakini kinachomezwa hupitia umio, hakizigusi nyuzi zenyewe. Afadhali maji na mapumziko. Wavulana wanaobadilika sauti nao wasilazimishwe sauti za juu, maana nyuzi zao bado zinarefuka.

Walimu wetu wa kwaya, twawaomba: mwimbaji akianza kukwaruza, mwacheni akae. Kombe hushindaniwa kila mwaka, lakini koo tumepewa moja tu.